Dawa Isiyowasha

Nyumbani kwetu binti hamgusi baba yake. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno, tulikuta hivyo. Ukimpelekea maziwa unaweka kikombe chini, anakiinua mwenyewe. Akiugua, mama ndiye anayemwinua na kumlaza. Mimi nilimgusa baba yangu kwa gunzi la mahindi tu, siku mbili tatu kila mwaka, tangu nikiwa darasa la pili.

Chanzo chake ni Mang'ola. Sisi ni watu wa juu, upande wa Endamarariek, kwenye baridi na ukungu, ambako mbu ni wa kuhesabu. Lakini baba alikuwa na kipande cha vitunguu kule chini, karibu na ziwa Eyasi, kwenye joto na mifereji, na kila aliposhuka kuvuna alirudi na homa. Lori la vitunguu lilimshusha barabarani, akapanda kilima amejifunga blanketi mchana kweupe, akaketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, ukutani penye jua, meno yakigongana. Mama alituma mtu zahanati. Vidonge vilikuja vimefungwa kwenye karatasi ya daftari: vinne leo, vinne kesho, viwili keshokutwa. Klorokwini. Baba alimeza, akakunja uso kwa uchungu wake, akakaa kusubiri.

Halafu ilianza kumwasha. Mimi klorokwini haijawahi kuniwasha hata siku moja, kwa hiyo naeleza niliyoyaona. Mtu mzima, mwenye ng'ombe zake na sauti yake kwenye vikao vya kijiji, anajisugua kwenye nguzo ya zizi mpaka nguzo inalia. Anavua shati. Anaita, "Wewe, njoo na gunzi!" Nachagua gunzi lililopukuchuliwa siku ile ile, lenye meno bado, nasimama nyuma yake nakuna.

"Juu kidogo. Kushoto. We mtoto, kushoto kwangu mimi, si kwako! Haya, hapo. Hapo hapo."

Nilikuna mpaka mkono ukafa ganzi. Mwishoni alivuta pumzi, akasema neno lile lile la kila mwaka: "Dawa imeshika."

Kwetu kuwashwa ndiko kupona. Dawa ikiingia mwilini inakutana na homa, wanapigana, na ugomvi wao unajitokeza kwenye ngozi. Kidonge kisichowasha ni kama umekunywa maji. Kila mtu alijua hivyo, na baba alijua kuliko wote, maana hakuna mgongo uliowashwa kama wake katika kijiji kizima. Alijivunia, nasema kweli. Watu hujivunia mambo ya ajabu.

Nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa kozi ya wahudumu wa afya, nikarudi na sare moja na daftari moja. Kwenye daftari lile niliandika, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwamba muwasho ni kero inayoletwa na klorokwini, si dalili ya kupona. Wako wanaowashwa na wako wasiowashwa, na wote dawa inawafanyia kazi sawasawa. Nilipigia mstari. Nikapangiwa zahanati yetu, chini ya mganga mmoja mtu wa Mbulu ambaye hakuwa daktari lakini watu walimwita daktari, na yeye hakuwasahihisha.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Anayekumbuka, anakumbuka. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na kopo la klorokwini likija linaisha kabla mwezi haujafika nusu. Wagonjwa hawakuisha. Wengine walikuwa Wamasai walioshuka kutoka Ngorongoro, wamelala njiani, wamechoka, hawana maneno mengi. Wanaonyesha kichwa, wanaonyesha viungo, wanasema, "Zile chungu."

Vidonge vya kalsiamu, yaani chokaa, tulikuwa navyo tele, vyeupe, vya wajawazito. Siku moja mganga alivimimina kwenye kopo tupu la klorokwini, akafunga kifuniko, akatikisa. Chini ya kopo huwa linabaki vumbi la dawa, na vumbi lile ni chungu sana. Alipofungua, kila kidonge kilikuwa kimepata uchungu wake.

"Huu si ni uongo?" nikamuuliza.

"Walio taabani tunawaandikia Karatu hospitali. Watoto tumewawekea zao kwenye kabati. Hawa wengine mwili wenyewe utapigana." Akanisogezea kopo. "Au nenda nje ukawaambie hakuna kitu. Nenda, mimi nakusubiri."

Nilitoka. Kwenye benchi walikaa watu kama kumi, wote wakanigeukia kwa pamoja. Nikarudi ndani. Toka siku ile nilikuwa nalitikisa kopo mwenyewe.

Nao walipona! Hilo ndilo lililonitia hasira. Si wote, lakini wengi, wa kutosha kukunyima usingizi. Walirudi na yai, na kibaba cha maharage, wakanishika mkono kwa mikono yao miwili. Mimi nilipokea mayai nikaandika majina kwenye kitabu.

Basi baba naye akarudi kutoka Mang'ola na homa yake, na klorokwini ilikuwa imekwisha siku tisa. Nilimpima joto, lilikuwa juu lakini si la kutisha. Alikuwa anaongea, anakunywa uji, anamgombeza mama kuhusu ndama. Nikamletea vinne vya kalsiamu. Nilisema moyoni, hivi havitamwasha, atagundua, atanitukana, basi.

Saa nane mchana nikasikia nguzo ya zizi inalia.

"Wewe! Gunzi!"

Nilisimama nyuma yake na gunzi mkononi nikautazama mgongo ule. Ulikuwa na mistari mirefu ya kucha, vinyweleo vimesimama, ngozi imeiva. Haikuwa maigizo. Mtu hawezi kuiga vinyweleo. Nilikuna. "Juu kidogo," akasema, nikakuna juu kidogo. Alipovuta pumzi akasema dawa imeshika, nikajibu, "Ndiyo, baba," na siku ya tatu alikuwa shambani ana jembe.

Nilikwenda jikoni nikacheka peke yangu mpaka mama akaniuliza nina nini. Nikasema moshi. Baada ya kucheka nilijiona mnyonge, sijui kwa nini. Nilikuwa nimemponya baba yangu kwa chokaa, na sikuweza kumwambia mtu yeyote, na yeye alizunguka kijiji kizima akisema binti yake ana dawa kali.

Ningenyamaza tu. Lakini mimi nina ulimi, ndivyo nilivyozaliwa, na yeye ndiye aliyenirithisha.

Miezi kadhaa baadaye kopo lilifika, klorokwini yenyewe. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alipata homa, nikampa vidonge kumi vya kweli. Kesho yake alikuja zahanati akavitupa mezani, sita vilivyobaki, kimoja kikadondoka sakafuni.

"Baba yako ameniambia nisipoteze muda. Anasema visipowasha si dawa."

Vidonge sita vya kweli, mwaka ule! Watu walikuwa wanatembea siku nzima kuvitafuta. Nilipiga magoti nikakitafuta kile kilichoanguka, na nilipokuwa chini ya meza nilihisi damu inanipanda kichwani.

Jioni ile kulikuwa na pombe nyumbani, wazee kama wanane uani, wamemaliza kazi ya kumsaidia baba kuvuna. Nilifika na sare yangu. Sikusalimia. Nikamwambia asiingilie kazi yangu. Yeye akacheka, akawageukia wenzake.

"Mnamsikia? Mimi nimekunywa klorokwini kabla huyu hajazaliwa. Mgongo wangu huu unajua dawa kuliko daftari lake!"

"Mgongo wako?" nikasema. "Mgongo wako haujui kitu. Zile za mwaka huu zilikuwa chokaa, baba. Vidonge vya wajawazito. Ulijikuna kwa chokaa siku mbili, mimi nimesimama nyuma yako nakutazama."

Kisha mzee mmoja akapaliwa na pombe, na hapo wakaangua kicheko wote. Walicheka mpaka machozi. Mmoja alisimama akajisugua kwenye nguzo ya zizi huku akilia, "Hapo! Hapo hapo!" Mwingine akamuuliza baba mtoto atazaliwa lini. Mama alitoka jikoni na kibuyu mkononi akasimama mlangoni.

Baba hakunipiga wala hakunitukana. Alisema, "Sawa." Akainua kikombe chake akanywa, akakiweka chini taratibu.

Basi utani ukaota mizizi. Akipita barabarani watu wanajikuna mbavu. Akisimama kwenye kikao kuongea, kuna mtu nyuma atajikuna, na kikao kinaisha. Mwanzoni alicheka nao, baadaye aliacha kucheka, baadaye aliacha kwenda. Na mimi aliniongelesha ya lazima tu. Funga zizi. Maziwa yako wapi. Niliona aibu, na aibu ikiwa ndefu inachosha, mwisho husikii kitu. Niliamka, nikaenda kazini, nikahesabu vidonge, nikarudi. Kuomba radhi nilijaribu mara moja, nikafika hadi "Baba, lile jambo," akasema ng'ombe mweusi anachechemea nikamwangalie. Nikaenda kumwangalia. Hakuwa anachechemea.

Mwaka uliofuata alirudi kutoka Mang'ola siku ya Alhamisi. Hakukaa nyuma ya nyumba kwenye jua. Aliingia ndani moja kwa moja akalala, akamwambia mama asiniite kutoka zahanati, nilikokuwa nalala zamu wiki ile. Mama alimtii siku tatu nzima. Jumapili baada ya kanisa mama alinifuata, akanishika kiwiko.

"Baba yako anaungua. Njoo hata kama atakufukuza."

Safari hii klorokwini nilikuwa nayo. Nilikuwa nimemwekea kumi za kweli kwenye chupa ndogo tangu kopo lilipofika, nimeziba kwa pamba, nimeficha chini ya nguo zangu. Wizi, ndiyo. Nilikimbia nazo. Alikuwa amelala ubavu, midomo imepasuka, macho ya njano. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na mimi si mtu wa kutetemeka.

"Ni zenyewe?" akauliza.

"Ni zenyewe, baba. Haki ya Mungu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Akameza vinne kimoja kimoja. Kisha tukakaa: yeye kitandani, mama mlangoni, mimi kwenye debe la mahindi. Tulikuwa tunasubiri nini? Sisi sote watatu tulijua. Ilipofika saa nane nilikuwa nautazama mgongo wake kupitia tundu la shati. Saa tisa. Saa kumi. Hakujikuna. Jua lilipokuwa linazama akasema, bila ukali, "Hakuna kitu hapa."

"Baba, kuwashwa si lazima. Dawa inafanya kazi hata bila..."

"Sawa," akasema.

Nilikuwa na daftari, na kwenye daftari nilikuwa nimepigia mstari. Lakini nilikwenda kulala nikiogopa, na nilichokiogopa ni ule mgongo uliotulia.

Jumatatu asubuhi alimeza vinne vingine. Mama alimtoa nje akamweka kwenye kigoda penye jua ingawa hakutaka. Joto halikuwa limeshuka. Nilikwenda mtoni kuteka maji ya kumkanda. Niliporudi na ndoo kichwani nilimkuta ameinama mbele, shati liko magotini.

"Wewe," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Gunzi."

Nilitua ndoo, maji nusu yakamwagika. Sikutafuta gunzi zuri, nilichukua lililokuwa karibu. Nilisimama nyuma yake nikaanza kukuna. Mwaka mzima nilikuwa sijasimama pale.

"Juu kidogo," akasema. "Kushoto. Hapo. Hapo hapo."

Nilikuna kwa muda mrefu sana. Nilifurahi, nasema wazi. Niliona amenisamehe na nikaona anapona, yote mawili yamekuja kwa pamoja kwenye gunzi moja. Mgongo ulikuwa wa moto na mkavu. Haukuwa na mistari ya kucha, hilo niliona, lakini nilisema moyoni hana nguvu ya kujikuna mwenyewe. Alipochoka alivuta pumzi akasema neno lake. Mama alisogea akamvalisha shati, hakuniangalia.

Jumanne ndiyo siku ambayo lori lilipita kwetu kwenda Karatu. Mapema asubuhi tulisikia honi yake kule chini, ikipiga kwa walio na mizigo. Mama alikuwa ameshatandika blanketi la kumbebea. Alisimama mlangoni akaniuliza, maana mimi ndiye mtu wa zahanati, "Tumpakie?"

Niligusa paji la uso la baba kwa mgongo wa mkono. Mara ya kwanza maishani mwangu. Lilikuwa moto, lakini si zaidi ya jana. Alikuwa amelala vizuri.

"Hapana," nikasema. "Dawa imeshika."

Mimi nilisema hivyo. Mwenye daftari.

Lori likapita. Mchana baba alianza kuongea na watu wasiokuwepo, akimdai mtu wa Mang'ola zamu yake ya maji. Tuliagiza lori lingine, halikupatikana. Jumatano, jua likiwa karibu kufika utosini, akafa.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina moja, walitueleza kwamba klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa na malaria za mabondeni tangu miaka ile, na kwamba mgonjwa angeweza kumeza dozi nzima ya kweli isimsaidie. Niliandika. Hospitalini walikuwa na kwinini, wangemtundikia dripu. Hilo nalo nililiandika.

Msibani sikulia. Watu walinisema na walikuwa na haki ya kunisema. Nilipika, nilichota maji, niliosha vyombo vya watu mia. Mganga alikuja, akanishika bega, nikamwambia chai iko kule. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa, unajua ni wako lakini ukiufinya hakuna kitu.

Watu walipoondoka tulibaki wawili, mimi na mama, tunapukuchua mahindi uani. Magunzi yalikuwa yanajaa katikati yetu. Tulipukuchua tangu asubuhi, na mama, bila kuinua kichwa, akasema kwa Kiiraqw, lugha yetu, maana mambo mazito hakuwahi kuyasema kwa Kiswahili:

"Hakuwa anawashwa."

"Nini?"

"Ile Jumatatu. Ulipokwenda mtoni aliniomba nimvue shati. Nikamuuliza, unawashwa? Akasema hapana. Mgongo hausikii kitu, hata ukiweka moto hautasikia."

Mikono yangu iliendelea kupukuchua yenyewe.

"Nikamwambia, sasa kwa nini unamdanganya mtoto?" Mama alitupa gunzi kwenye fungu, akachukua hindi lingine. "Akasema, umemwona mikono inavyotetemeka? Mwache anikune. Atapata nafuu."

Na kweli nilipata. Jumatatu ile nililala usingizi mzito ambao sikuwa nimeulala mwaka mzima, na asubuhi, honi ilipolia kule chini, nilikuwa nimepona kabisa.